Nimemfulia Miaka Kumi na Tisa, Kumbe Alishanisamehe

Mpendwa Shangazi, nisaidie kabla sijapasuka, maana jambo lenyewe siwezi kumwambia mume wangu wala mchungaji wetu, na wewe angalau hunijui sura, kwa hiyo nitakueleza lote bila kukata kona, na ukitaka kunigombeza nigombeze, nitavumilia.

Mimi ni mwanamke wa miaka hamsini na mbili, mume wangu ni seremala, watoto wetu wawili wameshaanza maisha yao, na kazi yangu ni hospitalini, lakini usifikiri mimi ni muuguzi, mimi niko chumba cha chini kabisa, mwisho wa korido, kule ambako vifaa vya upasuaji vinaletwa vichafu na kutoka vikiwa safi, ndiyo maana wananiita Mama Mvuke. Tunaosha mikasi na visu na vikoleo, tunakausha, tunavifunga kwenye vifurushi vya kitambaa kwa utepe maalumu wenye mistari, kisha tunavipakia kwenye mashine kubwa ya mvuke. Ule utepe ukipata joto mistari yake inageuka myeusi, na hapo ndipo wageni wa kazi hii wanapojidanganya, Shangazi, kwa sababu utepe uko nje, unakuambia tu kwamba kifurushi kimepita kwenye joto, haukuambii kama mvuke umeingia mpaka katikati, kwa hiyo ndani ya kila kifurushi tunaweka kikaratasi kidogo ambacho nacho hubadilika rangi, na muuguzi wa chumba cha upasuaji akifungua anakitazama kwanza kabla hajagusa kifaa chochote.

Sasa, miaka kumi na tisa iliyopita, Ijumaa moja mchana, nilikuwa na haraka. Kwaya yetu ilikuwa na mazoezi saa kumi na mimi ndiye niliyekuwa naongoza sauti ya pili, vikaratasi vilikuwa vimekwisha na stoo iko jengo la pili, nikajisemea aah, leo tu, utepe unatosha, na badala ya kuendesha mashine mara mbili nikapakia vyote mara moja, nikavisukuma kwa goti mpaka vikabanana, na hakuna mtu wa kazi yetu asiyejua kwamba vikibanana namna ile mvuke hauna pa kupita. Mistari ikatoka myeusi, mizuri kabisa. Nikafunga chumba nikaenda kuimba.

Jioni ile akaletwa mama mjamzito, fundi cherehani, mimba yake ya kwanza, akapasuliwa kwa dharura kwa vifaa vya kifurushi changu. Mtoto wa kike akatoka mzima, lakini siku ya tatu mama akapandwa na homa, kidonda kikaharibika, wakamfungua tena, kizazi kikatolewa, akalala wodini miezi mitano na mguu wake wa kushoto ukabaki mzito hadi leo. Mumewe alivumilia mwaka mmoja, kisha akasema anakwenda kutafuta kazi, na mpaka leo anaitafuta. Daktari mkuu alizunguka kila idara akiuliza nini kilitokea, alipofika kwangu nikamwambia, "Utepe ulikuwa mweusi, daktari," na ilikuwa kweli, neno kwa neno, akaandika, akaenda zake, nami nikabaki nimeshika meza.

Nikaanza kwenda kumwona. Mwanzoni wodini, na sabuni na khanga safi, nikijifanya mtu wa kanisani anayetembelea wagonjwa, na aliporudi kwake nikamfuata, anakaa ghorofa ya tatu na bomba liko chini uani, kwa hiyo kila Alhamisi, siku yangu ya mapumziko, nimepandisha maji kwenye zile ngazi, nimemfulia, nimepiga deki, nimembeba binti yake mgongoni, nimemuuguza surua, nimemfundisha kusoma, mpaka leo ni msichana mkubwa na ananiita mama mkubwa. Na haikuishia hapo, Shangazi, nikawa siwezi kuona shida nikapita, wafungwa nawatembelea mimi, vitambaa vya meza ya Bwana nafua mimi, wazee wasio na watu nawakata kucha mimi, kanisani mtu akianza kusema "jamani, nani atatu..." nimeshasimama. Mume wangu anasema, "Wewe mwanamke, unakimbizwa na nani?" namwambia nyamaza, hizi ni baraka. Lakini nilijua. Nilikuwa nangoja siku moja niamke nihisi moyoni kwamba basi, imetosha, sasa mimi ni msafi, na siku hiyo haikuja hata mara moja, wala haikukaribia.

Miezi miwili iliyopita akina mama wa kanisa wakanichagua kuwa mama wa mfano, nivishwe taji la maua mbele ya watu, na nizungumze juu ya kuishi maisha ya haki. Jamani! Nilikataa, wakasema ona unyenyekevu wake. Fundi, yule mama ninayemfulia, akafurahi kuliko wote, akasema nguo ya siku hiyo atashona yeye na mtu mwingine asithubutu. Halafu Jumapili moja mchungaji akasimama akahubiri kwamba hakuna mtu anayekuwa mwenye haki mbele za Mungu kwa matendo yake mema, hata yawe marefu kama barabara, na mimi hapo kwenye benchi nilikaribia kuinuka nitoke, nilimwona kama ananivua nguo. Nikamngoja mlangoni nikamuuliza, "Mchungaji, na sisi tunaofua?" Akacheka, akafikiri namtania, akanipa mkono.

Wiki nzima nikawa roho juu juu. Alhamisi nikaenda kupima nguo. Binti alikuwa amekwenda chuoni. Fundi akanivalisha ile nguo, haijashonwa bado, imeshikwa na pini kila mahali, mabegani, kiunoni, kwenye mikono, akaniambia inua mikono usitikisike, akakaa kwenye kigoda chake ananyoosha pindo, mdomoni ameshika pini sita au saba, na mimi nimesimama pale katikati ya chumba mikono imeinuka kama mtu aliyekamatwa, nikamtazama utosi, nikaona mvi zake, nikamwona alivyounyoosha ule mguu pembeni, na Shangazi, sijui nini kilinipata, maneno yakatoka. Nikasema, "Fundi, ni mimi. Kile kifurushi nilikifunga mimi, sikuweka kikaratasi, nilibananisha, nilikuwa nawahi kwaya."

Hakuinua kichwa. Akamaliza pini aliyokuwa anaichomeka. Kisha akatoa zile za mdomoni, moja moja, akazichoma kwenye kile kimto chake kidogo cha pini anachovaa mkononi, akasema, "Najua, dada."

Nikasema, "Unajua nini?"

"Najua tangu mtoto ana miaka miwili. Yule muuguzi aliyekifungua alikuja hapa kushonesha nguo ya kustaafu, akalia mpaka nikaacha kupima. Akaniambia kikaratasi hakikuwemo, aliona, lakini mtoto alikuwa anaishiwa pumzi tumboni na daktari akasema endelea. Na akaniambia zamu ile nani alikuwa chini."

"Miaka kumi na saba!" nikapiga kelele. "Na ukaniacha nipande ngazi?"

"Mara ngapi nimekuambia leo pumzika? Ungenisikia wewe?"

Nikamuuliza, kwa sauti hata sikuijua kama ni yangu, alinisamehe lini. Akasema, "Wiki ile ile. Siku sita nilikaa na hasira, nikawa nahesabu, Alhamisi ifike nikumwagie maji ya moto, kweli kabisa, niliyabandika. Alhamisi ikafika, nikakusikia unapanda unahema, nikasema Mungu wangu, mimi kitu cha kumsamehe nacho sina, kama unataka asamehewe toa chako. Ukaingia. Nikakuona, nikakupenda. Sijui kilitoka wapi. Na usidhani ni kwa sababu ya maji yako, dada, ile ndoo ndiyo iliyokuwa inaniudhi kuliko vyote." Kisha akachukua pini zake akarudisha mdomoni, akanigusa kiuno, akasema kwa pembe ya mdomo, "Haya, geuka, nipime mgongo."

Nikageuka, Shangazi. Ningefanya nini, nilikuwa nimejaa pini. Nilisimama natazama ukuta na machozi yanashuka mpaka shingoni na yeye nyuma yangu anapima kwa utulivu, anasema nyoosha bega, na mimi mwili mzima ulikuwa unatetemeka, nilikuwa nimeogopa, si kuogopa kushtakiwa, niliogopa kama nimefungua mlango wa chumba kidogo nikakuta mbingu. Miaka kumi na saba nimekuwa nikipanda kwenda kutafuta kitu ambacho nilishapewa, na kila Alhamisi kilikuwa kimekaa pale kwenye kigoda kinanitazama nikipiga deki.

Tangu siku hiyo sijarudi. Alhamisi mbili zimepita. Nikifika kona ya mtaa wake miguu inagoma. Na nikuambie ukweli wote, mbali na hofu nina hasira pia, nahisi nimefanywa mjinga, kwani kama alishanisamehe bila kitu, mimi nilikuwa nafanya nini miaka yote hiyo? Je, matendo yangu yote yalikuwa bure? Kama mchungaji amesema kweli, mbele za Mungu nina nini mkononi? Nitasimamaje kanisani baada ya siku kumi kufundisha watu haki? Na nitarudije kwa Fundi, nimwambie nini, nikashike nini? Naomba unijibu upesi, nimechoka kuzunguka kona ile.

Ni mimi, Mama Mvuke.

SHANGAZI ANAJIBU

Mama Mvuke, nimekaa kwenye ukurasa huu miaka kumi na minne. Nimesoma barua za mashemeji, za mawifi, za wanaume wenye nyumba mbili na ufunguo mmoja, na nimegombeza watu mpaka mhariri akaniomba nipunguze. Yako niliisoma nikavua miwani. Nikaenda dirishani, nikarudi, nikaisoma tena pale penye pini. Dada anayepanga kurasa akaniuliza, "Shangazi, umefiwa?" Nikamwambia hapana, nyamaza kwanza, nimeona kitu.

Lakini usifikiri umeponea hapo. Ulisema niruhusiwe kugombeza, basi kaa vizuri. "Utepe ulikuwa mweusi, daktari." Hee! Umechukua kipande cha ukweli ukafunikia kweli yote, na ukasimamia maneno yako kana kwamba Mungu ni karani anayeangalia kama fomu imejazwa. Huo ndio uongo uliokula miaka yako, kuliko hata lile goti ulilosukumia vifurushi. Uvivu wa Ijumaa moja ungeukiri Jumatatu, ukafukuzwa kazi au usifukuzwe, ukalia, ukaendelea kuishi. Wewe ukachagua kuficha, halafu ukaanza kufua.

Na usijibebeshe ya wenzako pia. Muuguzi aliona kikaratasi hakimo, daktari akasema endelea, nao walikuwa na mtoto anayekufa mikononi mwao. Homa zina njia nyingi za kuingia hospitalini, hakuna atakayejua hakika ilipita ipi. Sehemu yako inajulikana, ishike hiyo hiyo kwa ukubwa wake, usiiongeze ili uonekane mkosaji mkubwa, wala usiipunguze.

Sasa swali lako kubwa. Unauliza kama matendo yako yalikuwa bure. Ngoja nikuulize mimi: yule mwanamke nguo zake zilitakata? Binti alipona surua? Anajua kusoma? Basi hayakuwa bure, acha kuyatukana. Ila kuna kazi moja uliyoyapa ambayo hayaiwezi, nayo ni kukufanya wewe uwe msafi. Sabuni ni nzuri sana, Mama Mvuke, lakini mtu akiinywa ili asafishe dhamiri atapata tumbo la kuendesha tu. Kosa si la sabuni.

Wewe kazi yako yenyewe imekuwa ikikuimbia jambo hili sikioni kila siku na hukusikia. Watu kanisani wameona mistari myeusi kwako, wakasema huyu yuko tayari, mletee taji. Hawana kosa, wao wanaona nje. Lakini ndani umejibana, umejaza wafungwa, wazee, vitambaa vya meza ya Bwana, kucha za watu, umesukuma kwa goti mpaka hakuna upenyo hata wa uzi, na neema ya Mungu imekaa nje ikitafuta pa kupita. Mchungaji wako amesema kweli. Hakuna binadamu aliyewahi kutenda mema mpaka akawa mwenye haki, hata mmoja, hata mimi mwenye ukurasa. Haki hiyo tunapewa. Kristo aliibeba hukumu yetu msalabani kabla hatujajua hata kuomba, na anayemwamini anasimama mbele za Mungu kwa haki ya Kristo, si kwa hesabu ya ndoo. Ukisikia hivyo ukaona ni rahisi mno, basi bado hujasikia. Ni jambo zito. Ndilo lililokutetemesha pale ukutani.

Maana hebu tazama ulichokiona. Mwanamke mmoja, mguu mzito, mume kaondoka, maji ya moto jikoni tayari, anamwambia Mungu sina kitu cha kumsamehe nacho, toa chako. Na akapewa! Akakupenda miaka kumi na saba bila kukudai hata neno, akakuita dada, akaketi miguuni pako akakushonea nguo, wewe uliyemkosea. Mimi hapa nywele zinanisimama. Kama hayo yalitoka kwenye chumba kimoja cha ghorofa ya tatu, kwa fundi aliyekiri kwamba si ya kwake, basi huyo aliyempa yukoje? Kuna mambo tunayasoma kanisani tangu utotoni mpaka yanakuwa kama jina la mtaa, hulifikirii tena. Wewe umeyaona yakiwa na mvi na pini mdomoni. Watu wazima wenye elimu ya dini wanazeeka bila kuona ulichoona Alhamisi ile.

Na hasira yako naijua, usione haya. Mtu anayelipa anakuwa na heshima yake, anaingia kwa mwenzake kifua mbele, ameleta kitu. Anayesamehewa anaingia na nini? Ndiyo maana umekasirika. Umenyang'anywa ndoo. Kwa miaka yote wewe ndiye uliyekuwa unatoa, na ilikupendeza kidogo, ungama, ilikupendeza watu walipoona. Nimeisoma barua yako mara tatu nikitafuta mahali fulani uliposema kwamba siku moja, hata moja tu, ulikula kwa Fundi. Sikupata. Umeingia nyumba ya mtu kwa miaka kumi na tisa na kinywa umefunga. Huyo mama amekuwa na dobi, hajawa na mgeni.

Najua kuna msomaji ameshachukua kalamu aniandikie, "Shangazi, basi sote tulale, mema ya nini?" Aiweke chini. Binti wa Fundi akifagia nyumba yao hafagii ili apewe kuwa binti. Anafagia kwa sababu ni kwao. Mama Mvuke, utafua tena, nakujua, mikono yako haiwezi kutulia, na wazee wale kucha zao zinaota. Lakini utafua bila kukimbizwa, na siku ukichoka utasema nimechoka, na mtu akianza kusema "nani atatu..." utamwacha amalize sentensi.

Haya, sasa fanya hivi, na usichague.

Kwanza zungumza na Mungu. Nimeona umemwimbia, umemtumikia, umemfulia vitambaa, lakini kumwomba msamaha sijaona umeandika. Fundi amekusamehe la kwake. Lile la kumdanganya daktari, la kujificha nyuma ya kwaya, lipeleke kunakohusika. Tumia maneno ya kawaida. Na usiahidi kitu. Ukijikuta unasema "na mimi nitafanya," simama hapo hapo, anza upya.

Jumatatu nenda kwa mkuu wako wa kazi, mweleze ulichofanya, kwa maandishi, na jina lako chini. Usiniambie imepita miaka kumi na tisa, hiyo ni sababu ya kuwahi, si ya kuchelewa. Wanaweza kukuadhibu. Waache. Aliyesamehewa anaweza kuadhibiwa na asife. Na wale vijana wanaojifunza kazi chini yako, wafundishe habari ya kikaratasi kwa mdomo wako, ukisema mimi nilikosea hivi na mama mmoja akaumia hivi. Watakusikiliza kuliko mabango yote ya ukutani.

Binti asije akasikia haya kanisani. Mwulize mama yake aambiwe lini na vipi, yeye ndiye mwenye kauli, na siku hiyo uwepo, binti akikukasirikia usikimbilie ufagio. Ana haki ya kukasirika. Mama yake alichukua siku sita, mpe na yeye zake.

Kuhusu taji la maua, mwambie mchungaji ukweli leo, si mlangoni kwa utani, omba kukaa naye. Sidhani atakuondoa kwenye ratiba, na akikuacha uzungumze, Fundi na binti wakiridhia, usifundishe watu namna ya kuishi maisha ya haki, hujui, hakuna ajuaye. Simulia tu. Sema nilikosa, nikaficha, nikafanya mema mengi kwa hofu, na nikasamehewa na niliyemkosea kabla sijafungua kinywa. Kisha ukae chini. Wakikuvisha maua baada ya hapo, watakuwa wanamvisha anayestahili, yule aliyempa Fundi cha kukusamehe nacho.

Na kwa Fundi unarudi Alhamisi hii, si ijayo. Ile kona usiizunguke, ipite. Nguo yako iko pale nusu, na yeye, kama namjua japo sijamwona, kila Alhamisi anatega sikio ngazini. Lakini sikiliza sharti langu, Mama Mvuke, na usinidanganye na mistari yako: usibebe kitu. Sabuni acha, tunda acha, bomba lipite kama hulioni. Panda taratibu. Mikono itakuwasha, hujui uitie wapi, iache iwashe. Atafungua mlango, atakutazama kwa mshangao hivi ulivyokuja mikono mitupu, labda atakuuliza, "Dada, leo umeleta nini?" Mwambie hujaleta kitu. Na akikuuliza basi unataka nini, mwambie una njaa.